Fundi Mwinyi na kishikio kisicho na mwisho

Jua la saa mbili asubuhi limeshafika kwenye kizingiti cha kibanda kimoja kule Ngamiani, jijini Tanga, na juu ya kizingiti hicho, kama kila asubuhi ya kipupwe, imewekwa chupa ya mafuta ya nazi iote jua. Ndani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya amefumba macho. Mkono wake wa kulia umeshika kishikio cha redio ya mbao, kile cha mviringo cha kutafutia stesheni. Anakizungusha taratibu. Tik, tik, tik.

"Sikiliza," anasema bila kufumbua macho. "Hapa Dar es Salaam. Hapa Unguja. Hapa Mombasa. Umesikia imekosea?"

Haijakosea. Anakirudisha kishikio kushoto mpaka redio inatoa mlio mfupi wa kugonga, ngo! Kisha anaanza upya, na stesheni zinakuja kwa mpangilio ule ule.

"Sasa niambie," anasema, macho ameyafumbua, "kwa nini ikifika Pangani inaingiwa na wazimu?"

Huyu ni Mwinyijuma Kombo, 61, ambaye Ngamiani nzima inamwita Fundi Mwinyi. Amefungua na kufunga redio za watu kwa zaidi ya miaka arobaini. Iliyopo mezani leo ni ya Bi Wanu Shaib, bibi wa miaka 82 anayeishi Pangani na ambaye haoni tena. Imeshakwenda kwake mara mbili na mara mbili imerudi. Leo inakwenda mara ya tatu, na fundi ameapa mbele ya mwandishi wa makala haya, na mbele ya mkewe Chiku aliyeleta chai, kwamba ikikataa tena atafunga kibanda akauze madafu.

"Hayo ya madafu nayasikia tangu enzi za ruksa," anasema Chiku, akimimina chai bila kumtazama. "Madafu yenyewe sijayaona."

Anachokitaka Bi Wanu si kikubwa. Anataka kila alfajiri, baada ya sala, anyooshe mkono wake mwenyewe, aipate stesheni ya Unguja na kusikiliza matangazo ya vifo, ajue nani ametangulia huko kwao Pemba. Hataki kumwomba mtu. Mjukuu wake Sabra, anayeishi naye, ana simu yenye redio ndani, na ameshamwambia mara nyingi kwamba atamuwekea stesheni yoyote aitakayo. Bibi hataki.

"Simu ni kioo kitupu," alimwambia fundi siku alipomletea kazi hii. "Mtu asiyeona ashike wapi?"

Msomaji aliyezaliwa baada ya ruksa, pale biashara ilipofunguliwa, itabidi atuvumilie kidogo, maana mapenzi haya ya bibi na redio hayaeleweki bila ya miaka ile ya shida.

Mwaka 1982 Mwinyijuma alikuwa kibarua wa umeme katika kiwanda kimoja cha mkonge. Vipuri vikakosekana, mashine moja ikasimama, ikafuata ya pili, na vijana wakawa wanaripoti kazini kwenda kukaa kivulini. Nchi nzima ilikuwa hivyo. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, khanga kwa foleni, na unga ukipatikana ni ule wa njano ambao watoto waliukimbia.

"Kukaa bure ndiko kulikonifanya fundi," anasema na kucheka. "Palikuwa na redio mbovu ya msimamizi wetu. Nikaifungua, nikaifunga. Nikabakiwa na skrubu moja mkononi, na redio ikaimba. Nikasema, basi, riziki yangu iko huku."

Riziki ilikuwepo, ila vifaa ndivyo havikuwepo. Betri, ambazo sisi wa pwani tuliziita mawe, zilikuwa adimu kuliko nyama. Mawe yakichoka hayatupwi. Yanapangwa kwenye ungo na kuanikwa juani, na jioni redio inapata roho kidogo, ya kutosha taarifa ya habari na pengine kipande cha taarabu. Mawe mapya yalitoka Mombasa kwa njia za panya. Mwaka wa msako wa walanguzi, mtu akionekana na mawe manne yanayong'aa anaulizwa ameyatoa wapi.

"Watu walikuwa wanayachubua karatasi ya juu ili yaonekane makuukuu," anakumbuka fundi. "Unakwenda kwa mtu kutengeneza redio, anakuonyesha mawe yake huku anachungulia mlangoni. Utadhani anakuonyesha dhahabu."

Ule uzi wa ndani, unaovuta sindano ya stesheni mtu anapozungusha kishikio, ukikatika hakuna duka la kuuza mwingine. Mwinyijuma alipanda baiskeli mpaka Kigombe kuomba mshipi kwa wavuvi. Na vile vigurudumu vidogo ambamo uzi hupita, vikishaliwa na hewa ya chumvi na kuwa vigumu, dawa yake ilikuwa tone la mafuta ya nazi. Grisi ingetoka wapi?

Dawa hiyo hakuibuni yeye. Alifundishwa Pangani, mwaka 1983, kwenye baraza la nyumba ya Bi Wanu.

Bi Wanu alifika Pangani kutoka Pemba na mumewe, Massoud Haroub, na katika mizigo yao ilikuwemo redio ya mbao iliyonunuliwa kwa fedha za karafuu. Wakati ule redio nzima mtaani zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo baraza lao likawa ndilo baraza la mtaa. Mawe yalikuwa haba, na redio haikuwashwa ovyo. Iliwashwa kwa taarifa ya habari, kwa matangazo ya vifo ya Unguja, na kwa usiku wa kungoja mwezi uandame. Muziki ulisubiri Ijumaa. Na mwenye ruhusa ya kushika kishikio alikuwa mmoja tu.

"Marehemu mume wangu mkono wake ulikuwa mzito," Bi Wanu anasema. "Akitafuta Unguja, anafika Msumbiji. Mawe yanakwisha yeye bado yumo safarini. Nikamwambia, weye kaa, n'achie mie."

Akawa anazungusha yeye. Anapeleka kishikio kushoto mpaka kigote, kisha anarudi kulia. Kidogo tu, Dar es Salaam. Mbele zaidi, Unguja. Karibu na mwisho wa upande wa pili, Mombasa. Hakuwa anatazama sindano, hata zama zile alipokuwa anaona. Mkono ulikuwa unajua wenyewe.

Siku Mwinyijuma alipokuja mara ya kwanza, kijana wa miaka ishirini mwenye bisibisi moja na maneno mengi, kishikio kilikuwa kimekaza hakizunguki. Alikuwa tayari kukivunja. Bi Wanu akaingia jikoni, akatoka na mafuta ya nazi kwenye kifuu. "Kitie tone moja, mwanangu, usishindane nacho." Akatia. Kikalainika. Ilikuwa Jumanne.

Ijumaa yake, alfajiri, stesheni ya Unguja ikalitaja jina la mama yake Bi Wanu.

"N'lisikia jina lake, na la baba yake, na kijiji, na maziko yatakapokuwa," anasema. Hapa sauti yake inapungua. "Kisha mawe yakazima. Nikaweka mkono juu ya redio, n'kaona kama namshika yeye. Kama redio isingekuwa imetengenezwa Jumanne ile, mie mama yangu ningekuja kumlia barua itakapofika, mwezi ujao wake, watu washamaliza hitma."

Fundi Mwinyi huwa hapendi kuizungumza siku ile. Ukimuuliza kwa nini amehangaika miezi yote hii na redio moja ya bibi mmoja, anaangalia pembeni, anasafisha miwani ambayo haina vumbi, na kusema, "Basi tu. Ile ni redio ya kwanza iliyonionyesha kazi yangu ni ya nini."

Ruksa ilipokuja, Mwinyijuma alikuwa wa kwanza kushangilia. Nguo za mitumba zikarudi, maduka yakajaa, na makatoni ya redio yakashuka kutoka Dubai na Unguja. Mawe yakawa yanauzwa mpaka kwenye vigenge vya nyanya.

"Nilifurahi kuliko mtu yeyote Tanga," anasema. "Vipuri tele! Sikujua kuwa nashangilia njaa yangu mwenyewe."

Redio zilishuka bei, na watu wakaacha kutengeneza. Ikiharibika inapewa watoto wachezee. Zikaja zama za kaseti, zikaja za televisheni, kisha simu zikaja kumaliza shughuli. Leo siku ikiwa nzuri fundi anapata shilingi elfu kumi na tano, nyingi kutokana na feni na pasi za umeme. Siku ikiwa mbaya anarudi nyumbani na harufu ya risasi ya kulehemu, basi.

Na stesheni nazo zikahama. Zile zilizokuwa zikisikika kwenye redio za zamani zimekwenda FM, na redio ya mbao ukiiwasha leo, hata kama ni nzima, inakuvumia tu. Anayekumbuka jinsi ule mstari wa namba ulivyokuwa umejaa sauti za watu, lugha juu ya lugha, akiusikia sasa anaweza kulia. Mwandishi wa makala haya si wa kulia hadharani, lakini siku hiyo kibandani aliomba kikombe cha pili cha chai.

Kwa hiyo Bi Wanu alipoleta redio yake, hapakuwa na cha kutengeneza. Kondensa ya kutafutia stesheni ilikuwa imeoza kwa chumvi, na hata kama ingepona, isingepata cha kushika. Fundi angeweza kumwambia hivyo, na angekuwa amesema kweli. Hakuweza.

Akamwendea jirani yake wa kibanda cha pili, Eliudi, fundi simu kutoka Lushoto, ambaye ni rika la wanawe.

"Nikamwambia mzee, tuache sanduku na spika, ndani tuweke redio mpya ndogo," anasimulia Eliudi. "Stesheni azitafute kwa vitufe viwili, cha kwenda mbele na cha kurudi nyuma. Mzee akakataa kata kata. Akasema vitufe hapana, lazima azungushe."

Eliudi akaagiza kutoka Dar es Salaam vitu viwili. Kimoja ni kibao kidogo cha kompyuta, mfano wa kipande cha biskuti, cha aina ambayo vijana hununua kujifunzia na kuchezea. Cha pili ni enkoda, kifaa kama kile cha kupandishia sauti, chenye mti wa kuzungusha, kinachouambia ule ubongo wa kwenye kibao kwamba mkono umezunguka, na umezunguka kwenda wapi.

Jinsi enkoda inavyofanya kazi Fundi Mwinyi anaeleza kwa namna yake, na tangu aieleze, Eliudi ameiacha ile ya mtandaoni.

"Ndani mna watu wawili wanaopiga hodi," anasema. "Kila ukisogeza kishikio hatua moja, wote wawili wanapiga, lakini hawapigi pamoja. Akianza huyu, umezungusha kulia. Akianza yule, umezungusha kushoto. Kibao ndiye mwenyeji, kazi yake kusikiliza nani kaanza."

Tatizo la mwanzo likawa hodi zenyewe. Vyuma vinapogusana vinatetema, mpigaji mmoja anasikika kama amepiga mara tatu nne, na stesheni zikawa zinaruka. Eliudi akaandika amri kwenye programu: ukisikia hodi ya kwanza, tulia kidogo kabla ya kuitikia. "Kama mtu mstaarabu," fundi anaongeza. "Mtu akipiga hodi humrukii mlangoni."

Mara ya kwanza walipoipeleka Pangani, redio iliimba vizuri. Bi Wanu akaipapasa, akatabasamu kukuta ni sanduku lake lile lile, na kishikio chake kile kile kimevalishwa juu ya mti mpya. Akakipeleka kushoto kutafuta mwanzo. Akazungusha. Akazungusha tena. Akaendelea kuzungusha mpaka mkono ukachoka.

"Mwinyi," akasema, "mwisho wake wapi?"

Haukuwepo. Enkoda haina mwisho, huzunguka milele upande wowote utakao. Kwa mwenye macho si kitu, anatazama namba. Kwa Bi Wanu ilikuwa kama kuingizwa kwenye nyumba isiyo na ukuta. Angeanzia wapi kuipima Unguja?

"Nilijiona mjinga," anakiri Eliudi. "Mimi niliyeisomea sikuwaza, na mzee aliyemjua bibi miaka yote naye hakuwaza."

Wakarudi nayo Ngamiani, wakajenga ukuta. Sasa hesabu ya kibao ikifika mwanzo haishuki tena, hata uzungushe vipi, na spika inagonga, ngo! Hapo ndipo ukutani. Kutoka hapo, mzunguko mmoja mzima na kidogo, umefika Unguja. Na kwa kuwa Bi Wanu alilalamika kwamba mti ule mpya ni mgumu kwa vidole vyake vyenye baridi yabisi, fundi akaulainisha kidogo, kama ada. Redio ikarudi Pangani kwa mara ya pili.

Siku ya tatu Sabra akapiga simu. Bibi analalamika. Mchana redio ni nzima, alfajiri haishikiki. Anaanzia ukutani, anazungusha vile vile, lakini haifiki Unguja. Mara iko nyuma, mara haijaondoka kabisa.

Eliudi akaipitia programu mstari kwa mstari. Fundi akakagua nyaya zote. Kibandani haikukosea hata mara moja. Na hivi ndivyo tulivyofika asubuhi hii, fundi akiwa amefumba macho na kishikio mkononi.

Kabla hatujaondoka anafungua sanduku mara ya mwisho. Ananyoosha mkono kizingitini, anachukua ile chupa iliyokwisha kupata jua, na kudondosha tone moja kwenye mti wa enkoda. "Kwa usalama," anasema. Anaifunga redio ndani ya khanga ya Chiku, na tunashika njia ya Pangani.

Tunapopita Kigombe ananyoosha kidole upande wa baharini na kusema, "Hapo nilikuwa naomba mshipi," kisha anaipakata redio vizuri zaidi.

"Shikamoo mama," anaita mlangoni.

"Marahaba, Mwinyi. Umekuja nayo au umekuja na maneno?"

Saa sita mchana redio inawekwa mahali pake, juu ya kimeza kilicho karibu na kitanda. Bi Wanu, mwanamke mwembamba mwenye ushungi mweupe, anakipeleka kishikio kushoto. Ngo! Anazungusha kulia, mzunguko mmoja na kidogo, na stesheni ya Unguja inajaa chumbani. Fundi anaanza kucheka. Anamgeukia mwandishi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Usicheke," anasema Bi Wanu. "Mchana kila siku inafanya. Lala hapa, asubuhi uisikie mwenyewe."

Tukalala.

Alfajiri ya Pangani mwezi huu ina baridi ya kutafuta shuka la pili. Tumekwisha kusali. Bi Wanu amekaa kitandani, fundi kwenye kigoda, Sabra amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Matangazo yanakaribia. Bibi ananyoosha mkono.

Ngo! Ukutani. Anazungusha kulia, pole pole, mzunguko mmoja na kidogo, na anasimama. Muziki wa vijana unapasua chumba. Anasogeza mbele, mtu anatangaza sabuni. Anasogeza tena, bado sabuni. Anarudi, anaangukia tena kwenye muziki.

"Mwinyi, Unguja imehama usiku?"

Fundi ameinamisha kichwa na mikono ameifumbata kati ya magoti. Aliyemwona jana mchana asingemjua.

"Bibi, nikuwekee kwenye simu? Matangazo yatakupita," anasema Sabra.

"Kaa na simu yako."

Anazungusha tena. Anaanzia ukutani tena. Ni wazi kwamba sasa si hasira tena, ni hofu. Mtu mmoja wa kwao huenda anatajwa sasa hivi, na yeye hayupo kusikia. Anakisogelea kishikio kama anayetaka kukisikiliza kwa karibu. Kisha anatulia. Ananusa.

"Mwinyi. Umeitia nini humu?"

"Mafuta kidogo, mama. Kulainisha."

"Mafuta ya nini?"

Fundi anakitazama kishikio.

"Ya nazi," anasema fundi, na kabla neno halijamtoka lote mdomoni, mkono wake umeshapanda kichwani.

"Sabra," anaita bibi, "nenda jikoni kalete chupa."

Sabra analeta chupa ya mafuta ya nazi. Bibi anaipokea, anaipindua juu chini mbele ya uso wa fundi na kuitikisa. Halitoki hata tone. Mafuta yameganda, meupe, kama yanavyoganda kila alfajiri ya kipupwe kwenye kila jiko la pwani hii, na kama yalivyoganda kila asubuhi kwenye kizingiti cha kibanda cha Ngamiani, fundi akiyaweka juani kwa mkono wake mwenyewe.

"Na mwenyeji wako wa kwenye kibao atasikiaje hodi," anasema bibi, maana hadithi ya hodi ameshasimuliwa, "na wapigaji umewafunga midomo kwa mafuta?"

Mwanzo anacheka Sabra. Halafu anacheka fundi, kicheko cha mtu aliyetua gunia, mpaka anavua miwani. Tone la mafuta kwenye kigurudumu cha mwaka 1983 lilikuwa halina neno, kwa sababu kigurudumu kilibeba uzi tu. Ndani ya enkoda mafuta yalishuka mpaka kwenye vile vyuma vinavyogusana. Mchana, yakiwa maji, hodi zilipita. Alfajiri yakiganda, hodi moja inasikika, ya pili haisikiki.

"Nimebadilisha kila kitu humu ndani," anasema fundi. "Kila kitu, isipokuwa mkono wangu."

"Makosa ni yangu," anasema Bi Wanu. "Si mie n'liyekufunza?"

Lakini muda unakwenda. Fundi anafungua sanduku, anang'oa enkoda, anatoa kwenye mkoba wake kichupa cha spiriti na brashi ya meno. Anaosha, anapuliza, anaosha tena. Sabra anamulika kwa simu, kwa hiyo simu nayo imepata kazi. Chupa ya mafuta iko mezani pembeni yao, bado nyeupe.

"Kitakuwa kigumu kidogo, mama," anasema akirudisha skrubu ya mwisho. "Sikitii kitu tena."

"Kiache kiwe kigumu. Na mie mgumu."

Bi Wanu anashika kishikio. Kushoto. Ngo! Kulia, tik, tik, tik, vidole vyake vilivyopinda vikishindana nacho kidogo, mzunguko mmoja, na kidogo.

Sauti ya mwanamume inasoma majina. Ni Unguja. Matangazo yamefika katikati. Mtu wa Chake Chake. Mtu wa Micheweni. Mtu wa Wete, na hapo bibi anashika ukingo wa kitanda, kisha anauachia. Kiganja chake cha kushoto kimelala juu ya sanduku la mbao, na hakitoki mpaka msomaji anamaliza na kisomo kinaanza.

"Leo hakuna mtu wangu," anasema. "Alhamdulillahi."

Fundi Mwinyi anatoka barazani kujifuta macho, na kwa kuwa mwandishi amemfuata, anajisingizia kuzungumzia mipango. Anasema kibandani ana redio tatu za mbao zilizoachwa na wenyewe zamani, moja ya mtu wa Kigombe, na sasa anataka kuzifufua zote kwa namna hii, kila moja na ukuta wake. Anataka Eliudi ajifunze kukarabati masanduku ya zamani, naye ajifunze kuandika programu mwenyewe kabla macho hayajamwisha. "Na ile chupa inarudi jikoni kwa Chiku," anasema. "Leo leo."

"Na madafu?"

"Madafu nani kasema?"

Kutoka ndani anaitwa. Anaingia haraka, pengine akihofia kwamba imeanza tena. Redio inasoma kisomo kwa sauti safi.

"Izime," anasema Bi Wanu.

"Mama, mbona inasema vizuri?"

"N'nakwambia izime. Uitoe hapo Unguja, uipeleke mbali, uiache popote. Kisha ondokeni nyote."

Fundi anafanya kama alivyoambiwa. Anakizungusha kishikio mpaka mbali, anaizima, na tunatoka mmoja mmoja. Mlango unarudishwa. Tunasimama ukumbini, Sabra na kikombe chake cha uji, fundi na mkoba wake.

Ndani, redio inawashwa. Kishikio kinarudi kushoto, muda mrefu, bila haraka.

Ngo!

Kisha tik, tik, tik, na Unguja ikaja.